Motokaa za Umeme na Safari za Mbali

Siku hizi mazungumzo ya motokaa za umeme yamekuwa mengi hapa shuleni. Ukiingia bwenini baada ya chakula cha jioni utawakuta wenzetu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lasema kwamba motokaa ya umeme ndiyo gari la kesho, na ye yote asiyeitaka ni mtu wa kale. Kundi la pili lasema kwamba ni kitu cha kuchezea cha matajiri wa mjini, kisichoweza kuvuka Chalinze. Mimi nimesikiliza pande zote mbili, nami naona kwamba wote wanabishana juu ya gari, hali neno kubwa liko barabarani. Msafiri hujiuliza, Nitapata nini njiani, na je, nitakikuta kweli? Hilo ndilo nitakalo tulizungumze.

Kwanza yafaa tujue hesabu, kwa maana mabishano yasiyo na hesabu ni kelele tu. Tuchukue motokaa ndogo yenye betri ya kilowati-saa 40, kama ile Nissan Leaf ya namna ya pili. Kilowati-saa moja ni ile ile uniti moja tuinunuayo kwa LUKU nyumbani. Gari kama hilo hula uniti 16 hata 18 kwa kila kilometa 100 za barabara ya lami. Basi betri ikijaa kabisa, gari laweza kwenda kilometa 220 hivi. Litakwenda zaidi kidogo dereva akiwa mpole, na litapungukiwa akiwa mwenye haraka, kwa kuwa upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo: ukizidisha mwendo mara mbili, hewa hukupinga mara nne. Wahenga waliposema kwamba mwenda pole hajikwai hawakuwa wakiiwaza betri, lakini neno lao lafaa.

Sasa tutazame kuijaza. Soketi ya nyumbani yatoa volti 230. Ukivuta ampea 10 wapata wati 2,300, yaani uniti mbili na kidogo kwa saa moja. Kwa njia hiyo betri tupu ya uniti 40 huhitaji saa 17 au zaidi. Lakini mashine ya kuchaji kwa haraka, yenye nguvu ya kilowati 50, huweza kuitoa betri ile ile asilimia 20 na kuifikisha asilimia 80 kwa muda wa dakika 40 hivi. Dakika 40 ni kunywa chai na kununua ndizi. Saa 17 ni kulala usiku, na kuamka, na kungojea tena.

Na milima je? Wasafiri wa Iringa wanaijua Kitonga. Tuseme gari pamoja na watu wake na mizigo lina kilo 2,000, nalo lapanda mita zipatazo 1,000 tangu bonde la Ruaha Mbuyuni hata Iringa mjini. Zidisha kilo kwa 9.8, kisha kwa mita, utapata jouli milioni 19.6, nazo ni sawa na uniti tano na nusu. Ongeza kile kipoteacho ndani ya mota, utapata uniti sita. Uniti sita ni mwendo wa kilometa 35 mahali tambarare. Gari la petroli nalo hula zaidi mlimani, lakini likiteremka halirudishiwi hata tone moja. Motokaa ya umeme inapoteremka, mota yake hugeuka jenereta, ikarudisha betrini sehemu kubwa ya umeme uliotumika. Basi Kitonga si la kutisha kwa mtu aliyepiga hesabu. La kutisha ni kufika chini ya Kitonga na uniti nne, na kituo ulichoambiwa kipo, hakipo.

Nasema haya kwa kuwa niliyaona. Likizo iliyopita mjomba wangu, ambaye ni dereva, alitumwa kupeleka motokaa ya umeme Iringa, naye akakubali kunichukua ili nirudi shuleni. Kutoka Dar es Salaam hata Iringa ni kilometa karibu 500. Mjomba alikuwa amekwisha kuuliza, naye aliambiwa kwamba katika mji mmoja wa njiani, kando ya hoteli moja, pana mashine ya kuchaji kwa haraka. Tulifika pale jioni, betri ikiwa na asilimia 11. Mashine ilikuwapo kweli, nzuri, yenye taa ya kijani. Tulichomeka waya. Kioo kiliandika maneno, kikazima, kikaandika tena yale yale. Mlinzi alituambia kwa upole, “Hii, wazee, ina mwezi wa pili haitoi kitu. Fundi wake yuko mbali.”

Tulikwenda nyumba ya wageni iliyokuwa karibu. Mama mwenye nyumba alikubali tutumie soketi ya chumba cha kupigia pasi, kwa masharti kwamba mjomba anunue uniti 30 za LUKU kabla ya kuchomeka. Alikuwa na haki. Tulianza saa mbili usiku. Umeme ulikatika saa mbili nzima usiku wa manane. Saa tatu asubuhi betri ilikuwa na asilimia 66, nayo haikutosha kufika Iringa. Mjomba akasema, “Mpwa wangu, shule haitakungojea. Panda basi.” Nilipanda basi. Yeye alifika Iringa baada ya siku mbili, akilala njiani na kuchaji kwa soketi za watu.

Mtu atasema, basi umekwisha kujibu mwenyewe, gari hilo halifai. La, hasha. Gari halikuwa na kosa lo lote. Lilifanya sawasawa na hesabu niliyoiandika hapo juu. Kosa lilikuwa la ile taa ya kijani. Kama tungalijua tangu Dar es Salaam kwamba mashine ile ni mbovu, mjomba angaliondoka alfajiri ya siku iliyotangulia, angalikwenda pole, na angalipanga mahali pa kulala. Mahali pasipo na kituo, msafiri hujiandaa. Mahali penye kituo cha uongo, msafiri hudanganywa, na akiisha kudanganywa betri yake i karibu kuisha. Kwa hiyo nashika neno hili: kituo kibovu ni kibaya kuliko kukosa kituo.

Tusidhani shida hii ni mpya. Mwezi wa Agosti mwaka 1888, huko Ujerumani, Bibi Bertha Benz aliichukua motokaa iliyobuniwa na mumewe, akasafiri pamoja na wanawe wawili kutoka Mannheim hata Pforzheim, mwendo wa kilometa zipatazo 106. Hapakuwa na kituo cha petroli hata kimoja duniani. Mafuta yalipomwishia alinunua ligroini katika duka la dawa mjini Wiesloch, kwa kuwa watu waliitumia kuondolea madoa ya nguo. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia yake. Duka lile la dawa lilikuwa kama soketi ya pasi ya yule mama wa nyumba ya wageni: halikuwekwa kwa ajili ya motokaa, lakini lilikuwa wazi, na kitu kilichotakiwa kilikuwamo. Safari ile haikusifiwa kwa wingi wa vituo. Ilifanikiwa kwa kuwa palipokuwa na msaada, msaada ulikuwa wa kweli.

Katika zama zetu Mholanzi mmoja, Wiebe Wakker, aliondoka Uholanzi mwaka 1016 ukiongeza elfu moja, yaani 2016, akafika Sydney, Australia, mwezi wa Aprili 2019. Alipita nchi 33, kilometa 95,000 hivi, kwa motokaa ya umeme ambayo betri yake haikuweza zaidi ya kilometa 200 kwa mara moja. Alitegemea wenyeji waliomkubalia kuchaji nyumbani mwao, wakampa na chakula na mahali pa kulala. Sisi tuliolelewa kumkaribisha mgeni hatustaajabu. Lakini tukumbuke kwamba alitumia miaka mitatu. Ukarimu waweza kumfikisha mtu mmoja. Hauwezi kuendesha biashara ya mabasi, wala kumwahisha mgonjwa.

Huko huko Australia pana jangwa liitwalo Nullarbor, ambalo barabara yake kuu ina sehemu moja iliyonyoka bila kona kwa kilometa 146. Nguzo za umeme wa taifa hazifiki huko. Mahali paitwapo Caiguna, mhandisi mmoja mstaafu aliweka mashine ya kuchaji kwa haraka inayoendeshwa na jenereta ya mafuta machafu ya kukaangia chipsi. Mafuta hayo yalikuwa yakipatikana pale pale jikoni mwa kituo cha wasafiri. Tangu mwaka 2022 pengo kubwa la njia hiyo likazibika. Nalipenda jambo hili kwa kuwa mtu yule hakungojea nguzo. Alitazama kilichopo mahali pale, akakitumia, naye aliweka kitu kifanyacho kazi.

Karibu nasi zaidi ni Ethiopia. Mwezi wa Januari 2024 serikali yao ilitangaza kwamba motokaa za watu binafsi zisizo za umeme zisiingizwe tena nchini. Sababu yao yaeleweka: umeme wao hutoka katika maji ya mito yao wenyewe, lakini petroli hununuliwa kwa fedha za kigeni. Magari yaliingia kwa wingi. Lakini mashine za kuchajia zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa Addis Ababa. Mwenye gari mjini akafurahi, na mwenye safari ya mikoani akaona taabu. Hapo pana funzo. Amri yaweza kuleta magari kwa mwaka mmoja. Vituo vya kuaminika havitoki kwa amri, hutoka kwa mafundi, vipuri, na watu walipwao kuvitunza.

Na sisi? Sababu ile ile ya Ethiopia tunayo. Petroli yote tuitumiayo hutoka ng'ambo. Mwaka 2022 bei yake ilipopanda duniani, nauli zilipanda pia, na kila mwanafunzi wa bweni alijua, kwa kuwa wazazi walihesabu mara mbili kabla ya kutuma nauli ya likizo. Kwa upande mwingine, bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limejengwa na mitambo tisa ya kutoa megawati 2,115. Tena tangu mwaka 2024 gari la moshi la umeme, ambalo kwa kweli halina moshi, lachukua abiria kutoka Dar es Salaam hata Dodoma. Gari lile lina bahati: waya wake uko juu yake njia nzima. Motokaa hubeba umeme wake kama mtu abebavyo maji katika debe, na debe likiisha sharti akute kisima.

Basi nayaleta mashauri yangu manne, nanyi wasomaji mtayapima.

La kwanza, katika kila kituo ziwekwe mashine mbili, isiwe moja. Ni afadhali vituo vitano vyenye mashine mbili mbili kuliko vituo kumi vyenye moja moja. Mashine moja ikiharibika, ya pili itamwokoa msafiri. Katika njia ya Dar es Salaam hata Iringa, kituo kwa kila kilometa 100 hivi kingetosha kabisa. Katikati ya Hifadhi ya Mikumi si mahali pa kusimama na kuchaji usiku, lakini kabla yake na baada yake pana miji.

La pili, kituo kiwe na akiba yake ya umeme. Wako watakaosema kwamba umeme wa vijijini hauwezi kutoa kilowati 50 kwa ghafula bila kuzima taa za majirani. Ni kweli. Lakini tazameni tangi letu la maji hapa shuleni. Pampu ni ndogo, nayo hujaza tangi pole pole usiku kucha. Asubuhi wanafunzi mamia huchota kwa pamoja. Kituo nacho chaweza kuwa na betri kubwa, ivute umeme mchana na usiku kwa kiasi cha mashine ya kusaga nafaka, kisha imtolee mgeni kwa haraka. Mapaneli ya jua yakiongezwa juu ya paa, hata umeme ukikatika usiku wa manane kituo hakitalala. Na siku ambazo hapana motokaa, akiba ile yaweza kulinda jokofu la chanjo la zahanati iliyo jirani. Akiba haiozi.

La tatu, plagi. Magari ya zamani kutoka Japani huja na plagi iitwayo CHAdeMO, ya Uchina huja na GB/T, na ya Ulaya hutumia CCS2. Mtu aweza kufika kituoni, mashine nzima, umeme upo, akashindwa kuchaji kama mtu mwenye ufunguo wa nyumba nyingine. Serikali ichague mapema plagi za sheria, ili kila kituo cha barabara kuu kiwe nazo na kila mnunuzi ajue analonunua. Kulichagua jambo hili magari yakiwa machache ni rahisi. Yakiwa laki moja litakuwa ugomvi.

La nne, nami naliona kuwa kubwa kupita yote, ni ukweli. EWURA hutangaza kila mwezi bei za mafuta, na kila mwenye gari huzisoma. Vivyo hivyo kila mwenye kituo cha kuchaji alazimishwe kutangaza kila siku kama mashine yake yafanya kazi, na awepo mtu mwenye simu atakayeipokea. Mashine ikiwa mbovu, izimwe taa ya kijani na ibandikwe karatasi. Ikikaa mbovu zaidi ya siku saba, mwenyewe atozwe faini. Hapa sihitaji uvumbuzi wo wote, wala mkopo kutoka nje. Nahitaji uaminifu tu, na kalamu.

Najua yako maneno ya kunipinga. La kwanza ni kwamba pana vijiji visivyo na taa, sembuse motokaa. Nakubali kwamba taa ya kijiji itangulie, nami sisemi fedha za nguzo za vijijini zigeuzwe. Nasema kwamba vituo vya barabarani vitajengwa kwa vyo vyote, na wenye fedha wameanza. Swali ni kama vitajengwa vya kufaa au vya kupigiwa picha siku ya kufunguliwa.

La pili ni kwamba tungojee betri kubwa. Betri kubwa husaidia, sibishi. Lakini betri ya uniti 80 katika soketi ya pasi huhitaji siku moja na nusu. Ukubwa wa debe haumfai mtu kama kisima ni kikavu.

La tatu ni kwamba tubadilishane betri, kama wafanyavyo waendesha pikipiki wa Kigali, ambao huacha betri iliyokwisha na kuchukua iliyojaa kwa dakika chache. Kwa pikipiki jambo hilo ni zuri, nalo lingefaa sana hapa. Betri ya motokaa niliyoitaja ina kilo 300 hivi. Haibebwi mkononi.

Kwa sasa, mtu aliye na motokaa ya umeme na safari ya mbali, afanye kama wazee wetu waliosafiri na misafara. Apige simu mbele kabla ya kuondoka, na amwulize mtu aliyechaji pale wiki hii, asiamini tangazo. Ahesabu kwa kituo cha pili, si cha kwanza, ili cha kwanza kikiwa kibovu awe na uniti za kukifikia cha pili au za kurudi. Achukue waya wake wa soketi ya kawaida. Aende kilometa 70 kwa saa badala ya 100. Na amlipe yule mama wa nyumba ya wageni kabla hajaomba.

Wenzangu wa Sayansi, nina neno moja kwenu. Yule mlinzi alituambia kwamba fundi yuko mbali. Mimi niliuliza, yuko mbali wapi? Aliniambia hajui, ila huja kwa ndege. Mashine ile ilikuwa na fyuzi, rele, waya na kompyuta ndogo, vitu ambavyo majina yake tumeyaandika katika madaftari yetu. Baada ya mtihani wengine wetu watakwenda Chuo Kikuu, wengine vyuo vya ufundi, wengine nyumbani. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam hata Iringa itahitaji mafundi wakaao kando yake, wajulikanao kwa jina na kwa simu, wa kuja kwa baiskeli. Nafasi hizo bado ni tupu.

Mwanafunzi, Kidato cha Sita